Wasifu wa Mbinya

Mjomba Nzivo alinipa kijitabu cha mazishi ya nyanya yetu, tuliyemzika mwaka jana, akaniambia nibadilishe majina tu.

"Kila kitu kimo humo," alisema. "Kuzaliwa, masomo, ndoa, kazi, ugonjwa. Wewe ndiye unayesoma shule ya jioni. Toa cha nyanya, weka cha dada yako."

Ilikuwa Jumatatu, siku ya tatu tangu Mbinya aungue. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na kamati yetu ilikuwa ikikaa kila siku saa kumi mpaka marehemu azikwe. Kila mtu alikuwa na lake: huyu gari, yule jeneza, mwingine sufuria za kupikia wageni. Mimi nilipewa maneno.

Nikakaa kitandani, Ndete wangu wa miezi tisa akininyonya upande mmoja, Annah amelala upande wa pili. Annah ni binti wa Mbinya. Ana miaka minne. Tangu Ijumaa alikuwa haongei, na hakukubali kukaa ndani mlango ukifungwa. Alikuwa anachukua kiatu cha baba Ndete anakiweka kwenye kizingiti ili mlango usijifunge. Kwa hiyo tulikuwa tunalala na pazia tu kati yetu na majirani wote wa uani, hapa Umoja ambapo hata sufuria tupu haiachwi nje. Baba Ndete hakulalamika. Alisema tutasongeana, akajivuta ukutani.

Nikaandika. Mbinya alizaliwa mwaka wa 1996, mtoto wa kwanza wa Mzee Maingi. Alisoma mpaka darasa la nane. Kichwa cha tatu kilikuwa Ndoa. Katika kijitabu cha nyanya, chini ya kichwa hicho palikuwa na mistari minne: kuolewa kimila, kubariki ndoa kanisani, watoto saba. Nikaitazama nafasi hiyo muda mrefu kidogo. Kichwa kipo, lazima kiwe na kitu chini yake. Nikaandika kwamba Mbinya aliolewa na Munyao mwaka wa 2019, wakajaliwa binti mmoja. Palipokuwa na ugonjwa wa nyanya nikaandika kwamba alifariki ghafla katika ajali ya moto huko Mathare.

Nikapiga picha karatasi, nikaituma kwenye kundi la simu la kamati. Watu wakaweka ile mikono ya kuomba. Mjomba akaandika: kazi safi, mwalimu wetu.

Sikuona kwamba nimedanganya. Kijitabu kilikuwa na nafasi, nami nilijaza nafasi. Ndivyo tunavyowaandika wafu wetu.

Lakini nilijua. Nilikuwa nimeambiwa na Waithera, jirani yao aliyekuwa akiuza mihogo mlangoni, mikono yake yote miwili ikiwa imefungwa bendeji. Munyao huendesha pikapu ya kusambaza mkate kutoka mtaa wa Baba Dogo. Kwa mwaka mzima alikuwa akitoka asubuhi anamfungia Mbinya ndani kwa kufuli, upande wa nje. Alisema Mathare ina wezi. Hakusema kwamba Mbinya aliwahi kupata kibarua cha kufua nguo Eastleigh, akarudi na namba ya simu ya mwenye nyumba, na kwamba tangu siku hiyo hakutoka tena bila Munyao.

Moto ulianza kwenye nyaya za stima, nyumba ya tatu kutoka kwao, saa nne asubuhi. Watu wote wa safu ile walitoka. Mbinya alimpitisha Annah kwenye dirisha, ambalo upana wake ni wa beseni. Waithera akampokea, akamweka chini, akarudi mlangoni na jiwe. Aligonga kufuli mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye bati. Mbinya alikuwa akimwelekeza kutoka ndani kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeelekeza mgeni. Alimwambia, "Gonga chini, Waithera. Bawaba ya chini imeoza." Baadaye hakusema kitu.

Hayo yote niliyajua, na niliandika ajali ya moto.

Jumanne jioni nilienda darasani kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Annah nilimwacha na baba Ndete, Ndete nikambeba mgongoni. Tunasomea katika shule ya msingi, watoto wakishatoka, na tunakalia madawati yao, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu Mbuthia alikuwa ameshaandika ubaoni: mandhari, wahusika, mgogoro, msuko, kilele, msimulizi. Mtihani wa kidato cha nne hauko mbali, na maswali ya fasihi ndiyo yanayotuangusha wengi.

Akatuambia hadithi. Mtu alizaliwa, akasoma, akaoa, akafanya kazi, akafa. Akauliza hiyo ni hadithi nzuri au mbaya.

"Hicho ni kitambulisho, mwalimu," akasema Saado, anayekaa mbele yangu na anayeuza vitambaa mchana. "Bado alama ya kidole."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akamuuliza kwa nini si hadithi. Saado akafikiri, akasema kwamba ndani yake hakuna anayetaka kitu, na hakuna anayemzuia. Mwalimu akapiga mstari chini ya neno mgogoro mara mbili, chaki ikavunjika.

Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Na mhusika mkuu akidedi mwanzoni, hadithi inaisha?"

"Akifa mwanzoni, msomaji atataka kujua jambo moja tu," Mwalimu akajibu. "Kwa nini. Na ukimnyima hilo, atajua unamficha."

Kisha akaingia kwenye mandhari. Tulimwambia kwa sauti moja kama tulivyokariri: mahali na wakati. Akasema hiyo ni alama nusu. Akatupa mfano wa mwanamke aliyesimama juu ya paa la gorofa. Paa likiwa na ukuta wa kumfika kifuani, mwanamke anaanika nguo. Paa likiwa halina ukuta, hadithi ni nyingine, ingawa mwanamke ni yule yule na nguo ni zile zile. Ukiusahau ukuta, alisema, umeandika hadithi ya mtu mwingine. Na msimulizi hasahau. Anachokiacha nje amekichagua.

Wenzangu waliandika hayo kwenye daftari. Mimi nilikuwa natazama mlango wa darasa.

Simu ya baba ilinikuta nikitoka langoni. Baba ni mchongaji, macho yamechoka, yuko nyumbani upande wa Mwala. Alianza kwa kuuliza Annah amekula. Kisha akasema watu wa Munyao wamempigia. Wameuona wasifu, umewafurahisha. Wamesema kwa kuwa sisi wenyewe tumeandika kwamba Mbinya ni mke wao, wataleta mbuzi wa ntheo Ijumaa asubuhi, mwili utoke mochari uende kwao, na mtoto aende kwao pia, akalelewe na mama yake Munyao mpaka Munyao apate nyumba nyingine.

Kwetu Ukambani, bila mbuzi hao watatu wa ntheo mwanamke hajaolewa, hata akae na mtu miaka ishirini. Ni wa baba yake, na watoto wake ni wa baba yake. Munyao hakuwa amewaleta. Miaka mitano baba alikuwa akilisema hilo kama tusi. Sasa lilikuwa ndilo jambo pekee lililomzuia Annah kwenda kwa mtu mwenye kufuli, na nilikuwa nimelifuta kwa mstari mmoja.

"Niwaambie nini, Kavutha?" baba aliuliza. "Kwamba binti yangu msomi hajui dada yake yuko kwa nani?"

Alikata simu bila kuaga, na baba yangu huaga hata mbwa.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Mbinya aliwatamani mbuzi wale. Kila Desemba alikuwa ananiambia, mwaka huu watakuja, Munyao ameahidi. Alikuwa amenunua leso mpya ya kuvaa siku hiyo. Hakutaka kuitwa wa kukaa na mtu, alitaka kuitwa mke wa mtu, na kina mama wa kanisa wamwite kwenye kikundi chao. Nikiuacha mstari wangu, angezikwa na jina alilolingoja. Nikiutoa, ningempokonya akiwa hawezi hata kunikasirikia.

Jumatano asubuhi Annah aliomba uji. Alisema neno hilo tu, "uji", na alipomaliza kikombe akanirudishia. Nilikitazama kikombe kile, nikachukua kalamu.

Niliandika siku nzima, nikifuta. Mchana nilimpeleka Annah kwa jirani, nikaenda Mathare kumtafuta Waithera. Alikuwa amehamia kwa dada yake, ng'ambo ya mto. Nilimsomea nilichoandika. Akanirekebisha mahali pawili. Nilikuwa nimesema aligonga kwa nyundo. Akasema angekuwa na nyundo, angekuwa ameuvunja mlango. Nilikuwa nimesema Mbinya alipiga mayowe. Akasema hapana, usimwekee mayowe.

Nikamuuliza kama angekuja kwenye kamati kesho yake aseme mwenyewe.

"Mimi mbele ya wanaume wa tai sisemi vizuri," alijibu. "Wewe andika. Nitakuja nikae hapo. Ukiulizwa, nitaitikia."

Kamati ilikaa Alhamisi saa kumi katika banda la kanisa. Baba alikuwa amefika na basi la mchana, kofia mkononi. Munyao alikuja na ami yake, mzee mnene mwenye koti la kijivu. Munyao alikuwa amevaa shati jeupe na alikuwa amekonda. Sitasema uongo, alikuwa amekonda kweli, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliponiona aliinama akaniita shemeji, akauliza mtoto anaendeleaje.

Baada ya maombi, Mjomba akasema tumebakiwa na jambo dogo, kuidhinisha wasifu ili uende kwa Hirad mwenye duka la kuchapa kabla hajafunga saa kumi na mbili. Nikasimama nikasema nina mwingine. Mjomba akasema wasifu ulishapita. Nikasema uliopita una kosa, na kosa ni langu. Mtu akanong'ona kwamba hawa wa shule za jioni wana shida. Nikasoma kabla sijakatazwa.

"Mbinya hakuwa ameolewa. Alikaa na Munyao miaka mitano, akingoja ntheo. Aliishi Mathare katika chumba cha mabati chenye mlango mmoja na dirisha moja. Kila asubuhi mlango huo ulifungwa kwa kufuli upande wa nje, naye akiwa ndani. Ijumaa moto ulipofika, mlango ulikuwa umefungwa. Alimtoa mtoto wake kwa dirisha. Yeye dirisha halikumtosha."

Nilikuwa nimepanga kuendelea, kuna sehemu kuhusu alivyopenda kuimba, lakini niliikunja karatasi hapo.

Ami yake Munyao akauliza kama huo ni wasifu au karatasi ya polisi. Watu wawili watatu wakakubaliana naye. Mjomba hakukasirika. Alizungumza nami polepole, kama mtu anayemshusha mtoto kwenye ngazi.

"Kavutha, mazishini hatushtaki mtu. Hiyo ya kufuli itoe. Tubaki na moto. Moto unatosha."

"Nikiitoa, Mjomba, kwa nini hakutoka?" nikasema. "Kila atakayesoma atauliza. Nyumba zote za safu ile watu walitoka. Miguu alikuwa nayo."

Yeye na wengine wakageuka kumtazama Waithera, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa ameweka mikono yake ya bendeji juu ya magoti, viganja vikiangalia juu. Mjomba akamuuliza kama alikiona kile kilichosomwa. Akaitikia kwa neno moja, ndiyo.

Munyao akaanza kulia. Alisema alimpenda, na kila mtu anajua alimpenda. Alisema hakuna mtu Mathare asiyefunga mlango, na kama siku ile asingefunga, wezi wangeingia, na leo tungekuwa tunamlaumu kwa hilo. Alisema alirudi mbio kutoka Baba Dogo, akaiacha pikapu katikati ya barabara, mkate wote ukaibwa. Nilimwamini kila neno. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Baba aliuliza, bila kuinua kichwa, "Ufunguo uko wapi?"

Munyao akapapasa mfuko, akatoa fungu la funguo, akaliweka juu ya benchi. Zilikuwa nyingi: wa pikapu, za ghala, za visanduku vya mkate. Kila mtu alizitazama.

"Ni upi?"

"Huu mdogo."

"Na Mbinya alikuwa na wake?"

Ami yake akataka kusema kitu. Baba akainua kiganja.

"Nimekuuliza wewe, kijana. Alikuwa na wake?"

"Hapana, baba," Munyao akasema.

"Usiniite baba. Hujaleta mbuzi." Baba akavaa kofia yake. "Na usiwalete."

Kisha ami yake Munyao akasimama, akasema damu ni damu, mtoto ana baba yake na serikali ina afisa wa watoto, wataenda huko. Baba akamwambia aende. Nilijua hatishi bure. Sheria haiangalii mbuzi, na karatasi ya kuzaliwa ya Annah ina jina la Munyao. Lakini najua pia kwamba afisa yeyote atakayepelekewa habari hii ataanza kwa kuuliza ilikuwaje, na Waithera ameshaniambia yuko tayari kuitikia popote.

Watu walipoanza kuondoka, Mjomba alinivuta kando. Alinikumbusha mambo ambayo nisingependa kuyasikia siku ile, na hakuyasema kwa ubaya. Kwa kuwa Mbinya hakuolewa, kina mama wa kanisa hawatamsindikiza na sare zao. Kaburi lake halitakuwa karibu na la nyanya, litakuwa pembeni, kwenye ua, pale wanapozikwa mabinti waliokufa wakiwa nyumbani. Akaniuliza kama nilikuwa nimelifikiria hilo.

Nilimwambia ndiyo. Nilikuwa nimelifikiria, na bado liliniuma kama sijawahi kulisikia.

Kwa Hirad nilifika ikiwa imebaki nusu saa. Alichapa haraka bila kuuliza, mpaka alipofika kwenye kichwa cha tatu. Akasema nikikitoa hicho, ukurasa utabaki na pengo, haupendezi. Akanishauri tuweke picha. Kwenye simu nilikuwa na moja ya Mbinya akiwa na miaka kumi na saba, amekaa kwenye rundo la mbao za baba, mdomo wazi, amekatizwa akizungumza. Hirad akaiingiza. Ikaenea kabisa, kama pengo lilikuwa la kipimo chake. Hapo ndipo nilipolia, nikiegemea mashine ya kutoa nakala, na Ndete mgongoni akadhani ni mchezo, akawa ananipigapiga kichwani.

Tulimzika Jumamosi. Baba alikuwa amechonga msalaba mwenyewe, herufi zikapinda kidogo kwa sababu ya macho yake. Kina mama wa kanisa walikuja, lakini walivaa nguo zao za kawaida na walisimama nyuma, wakaimba wakiwa huko nyuma. Waithera alikuja na nauli yake mwenyewe. Ua wetu ni wa mkonge, na ng'ambo yake ni njia ya watu wote.

Munyao hakuruhusiwa kuingia bomani. Akazunguka, akasimama njiani, nje ya ua. Na kwa kuwa tulikuwa tumemweka Mbinya pembeni, yeye ndiye aliyekuwa karibu na kaburi kuliko mtu yeyote. Angenyoosha mkono angeugusa udongo. Watu waliliona hilo. Baba aliliona. Hapakuwa na la kufanya, njia si yetu.

Nikaitwa kusoma. Nilisoma kuzaliwa kwake, masomo yake, alivyoimba. Nilisoma mlango na dirisha. Sikuinua sauti, kutoka pale nilipo mpaka alipo Munyao hapakuwa na hatua sita. Nilipofika kwenye kufuli aliutazama udongo. Hakuondoka.

Annah alikuwa amesimama kando yangu, ameshika sketi yangu. Alimwona. Akainua mkono akampungia, kama alivyokuwa akimpungia kila siku anaporudi na mkate. Munyao naye akainua mkono wake, akaushusha nusu njia.

Sikumzuia mtoto. Nilingoja amalize kupunga, nikasoma sentensi iliyofuata.

"Ameacha binti mmoja, Annah, ambaye anaishi kwa mama yake mdogo."